Sukari, Chumvi, na Bahasha Ambayo Sikuitoa

Jumamosi, mwisho wa Novemba. Al Hail.

Leo nimezima viyoyozi vyote na kufungua madirisha, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Upepo unaingia mpaka jikoni na mapazia yanapepea. Mwili una raha. Moyo nao una raha, ila kuna jambo moja umelishikilia, na mie nikiwa na jambo siwezi kukaa nalo mpaka nimeliandika.

Asubuhi nilikwenda Al Amerat kwa watu waliohamia nyumba niliyowatafutia mie. Nilichukua vitu vyangu vya siku zote: msahafu, kilo mbili za sukari, pakiti ya chumvi, ubani, na bakuli la halwa. Wateja wangu wote nawafanyia hivyo siku ya kuingia nyumba mpya. Kwetu nyumba haiingiwi mikono mitupu, na mimi nimejipa kazi ya kuhakikisha hakuna anayeingia mikono mitupu kwenye nyumba iliyopita mkononi mwangu.

Lakini leo kitu kimoja hakikuwemo kapuni.

Bahasha.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua mie ni nani. Kwa aliyefika hapa leo, niseme kwa ufupi: mie ni dalali wa nyumba hapa Maskati. Nina leseni yangu mwenyewe, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mshonaji, gari yenye kilomita laki tatu, na sina mshirika. Marehemu baba alikuja kutoka Unguja na cherehani moja, na hakuniachia zaidi ya hiyo cherehani na tabia ya kupima kitu mara mbili kabla ya kukikata.

Kazi hii nilianza kwa kupokea simu kwenye ofisi ya mtu. Siku niliyojinunulia nyumba yangu ya kwanza, vyumba viwili, riali ishirini na nane elfu, nilipitia kwa bosi wangu huyohuyo, nikidhani nitapata huruma. Alinitoza asilimia mbili, riali mia tano na sitini. Nikalipa. Nimekaa karibu na mashine ya kuchapia nangoja stakabadhi yangu, ikatoka kwanza ya muuzaji. Naye kalipa mia tano na sitini. Kumbe mtu yule alikula pande zote mbili za nyumba moja, na asubuhi ile kaniambia, "Asya, wewe ni kama binti yangu, hapa sipati kitu."

Sikugombana. Nilikunja karatasi yangu nikaitia mkobani, na njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa napiga hesabu.

Nilipopata leseni nikajiwekea desturi. Mnunuzi ananilipa asilimia mbili kama wanavyotoza wenzangu, kisha siku ya kuingia nyumbani namrudishia robo. Bahasha nyeupe, naiweka chini ya bakuli la halwa. Anainua bakuli, anaiona, anapiga kelele, watu wanacheka, bibi mmoja anaanza kuomba dua. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo. Tangazo sikuwahi kubandika hata moja. Watu walikuwa wakiambizana tu: nenda kwa yule dalali wa bahasha.

Basi. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwezi wa tisa niliwauzia nyumba wazee fulani hapa hapa Hail. Mama mwenye nyumba ni mtu mzuri sana, moyo wake kama sufi, na ana grupu la ukoo kwenye simu lenye watu mia mbili na zaidi. Alipoiona bahasha hakutosheka kunishukuru mie. Alirekodi ujumbe wa sauti, dakika nne nzima, akautupia kwenye grupu. Kwanza salamu. Kisha maradhi ya goti lake. Kisha dua: Mola amzidishie Asya, amlinde na hasidi, ampe umri, maana "katurudishia riali mia tatu na kumi na tano kwenye ile kamisheni, na hakuna aliyemlazimisha."

Alitaja hesabu kamili. Na senti angezitaja, ila hazikuwepo.

Nani mwingine duniani anaweza kumtia mtu mashakani kwa dua? Ni sisi tu. Kwetu mtu akikutendea wema usipoutangaza unaonekana huna shukurani, na ukoo mzima lazima ujue na idadi ya riali. Na ndani ya lile grupu yumo Harub, mtoto wa ami yangu, ambaye naye ni dalali. Ofisi yake iko Qurum, ina vioo mpaka chini na mashine ya kahawa inayounguruma kama pikipiki.

Harub alinipigia jioni ileile. "Dada Asya, unatuharibia soko, yakhe."

Nikamwambia soko langu na lake mbali mbali. Yeye anauza majumba ya ufukweni, mie nauza nyumba kwa watu wanaohesabu mafuta ya gari.

"Haya," akasema. "Lakini kuna kanuni."

Baada ya wiki mbili nikaitwa idarani, kwa hao wanaotupa leseni za udalali. Nani aliyepeleka habari, sikuuliza. Naye Harub hakusema. Tumeonana harusini tangu hapo na tumepakuliana biriani vizuri tu.

Idarani nilikutana na kijana mmoja, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata, adabu tele. Alizungumza nami Kiarabu. Akanigeuzia kompyuta nisome mwenyewe mstari ule. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kwamba dalali hamgawii ujira wake mtu asiye na leseni ya udalali. Nikamwambia mie sijamgawia mtu, nimemrudishia mnunuzi. Akasema mnunuzi ni mtu asiye na leseni.

Nilisema kwa Kiswahili, peke yangu, chini chini, "Haya makubwa."

Akatabasamu. Akanijibu kwa Kiswahili safi cha mjini Unguja, utasema kalelewa Vuga. "Si makubwa, mama. Madogo, ila yameandikwa."

Hapo ndipo nilipomwaga yangu yote. Nilimwambia: pesa ile ni yake mnunuzi mwenyewe, imetoka mfukoni mwake ikakaa kwangu siku mbili ikarudi kwake, sasa kosa liko wapi? Nilimwambia juzi nimepita barabarani nimeona bango refu kama mnara, nunua fleti upate friji, jiko na mashine ya kufulia, bure. Kampuni kubwa ikitoa friji inaitwa ofa. Mie nikitoa riali mia tatu naitwa hapa. Sheria inayomzuia mtu kupunguziwa gharama ya nyumba, inamlinda nani?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo sikuyapenda, na mpaka leo siyapendi.

"Mama, wewe unarudisha kwa wema. Lakini atakuja mwengine atamwambia mtu, nunua hii, ufa huo usiutazame, nitakurudishia elfu. Sisi tutajuaje nani ni nani?"



Hapo nikamkumbuka muuguzi mmoja.

Hili sijawahi kuliandika. Miaka sita iliyopita nilimtembeza dada mmoja muuguzi kwenye fleti, Al Khuwair. Alikuwa akiishi chumba cha kukodi na mwanawe, amedunduliza miaka. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na duara la unyevu nyuma ya mlango, kubwa kama sinia. Aliliona. Aliligusa kwa kidole, akanitazama. Sikusema uongo. Nilitaja bahasha tu. Nilimwambia, "Na usisahau, siku ya ufunguo kuna kitu chako kwangu." Uso wake ukafunguka, tukatoka chumbani, na lile duara halikuzungumzwa tena.

Akanunua. Nikampa bahasha yake. Alinikumbatia mlangoni, na nyuma ya bega lake niliuona ukuta ule.

Hakuwahi kunilaumu. Kila Idi ananitumia salamu. Kila Idi nikiziona salamu zake nageuza simu chini juu.

Kwa hiyo mbele ya yule kijana niliacha kubishana. Bado naona kanuni ile inampendelea mwenye mashine ya kahawa. Bado naona mtu wa Al Amerat anayechukua mkopo wa miaka ishirini na tano anastahili kila riali inayoweza kurudi kwake. Lakini nilikuwa nimejiona mie mkono wangu ni mweupe kuliko wa wote, na haukuwa.

Kijana akanipa karatasi nitie saini: nimeonywa, nimefahamu, sitorudia. Nikirudia, leseni inakwenda. Leseni ikienda, narudi kupokea simu za mtu, na umri wangu huu hakuna anayenipa hata hiyo kazi.

Nikatia saini. 

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshaahidi.

Ndipo wanapoingia watu wa leo. Said anafanya kazi uwanja wa ndege, mkewe Raya ni mwalimu, wana watoto wawili, na wanaishi na mama yake Said, Bi Zwena. Nyumba yao ya Al Amerat ni ya riali sitini na nane elfu. Mkataba wangu nao tuliutia saini mwanzo wa mwezi wa tisa, kabla ya lile balaa la dua: asilimia mbili, riali elfu moja mia tatu na sitini. Na mdomoni, kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya chai ya maziwa, nilikuwa nimewaambia siku ya kuingia nitawarudishia mia tatu na arubaini.

Wao walishazipangia kazi. Bi Zwena magoti yamekwisha. Kwenye nyumba waliyokuwa wakikodi alianguka bafuni mara mbili, mara ya pili akakaa sakafuni saa nzima mpaka Raya aliporudi skuli. Fundi alishawapigia hesabu ya nyumba mpya: vyuma vya kushikia ukutani, choo cha kukalia kilichonyanyuliwa, na vigae visivyoteleza. Riali mia tatu na thelathini. Malipo ya kwanza ya benki yaliwakausha kabisa, hawakuwa na pahala pengine pa kuzitoa. Bi Zwena mwenyewe alikuwa akiniita kwa mbali kila nikipita kwao, "Asya! Vyuma vyangu vi wapi?" akicheka.

Sasa mie nikitoa, nimepoteza leseni. Nisipotoa, nimemdanganya bibi mwenye magoti mabovu. Usiku wa siku ile ya idarani sikula.

Asubuhi nilimpigia yule kijana wa idara. Nikamuuliza swali moja tu: je, sheria imeweka kiwango ambacho lazima nitoze?

"Kima cha chini? Hapana, mama. Bei yako ni yako. Iandike tu mapema, kabla nyumba haijahamishwa jina."

"Na nikitaka kubadili niliyoandika?"

"Mkikubaliana pande zote mbili, vunjeni ule, andikeni mwengine."

Nilikaa na kikokotoo changu. Sitini na nane elfu kwa asilimia moja na nusu: elfu moja na ishirini. Elfu moja mia tatu na sitini toa elfu moja na ishirini: mia tatu na arubaini. Nikapiga tena, maana sikuamini jinsi lilivyo jepesi. Miaka kumi na moja nimekuwa napokea pesa na kuzirudisha, kumbe ningeweza kutozichukua tangu mwanzo, na hakuna mtu duniani angekuwa na la kusema.

Kwa nini sikufanya hivyo miaka yote?

Swali hilo limenisumbua kuliko idara. Na jawabu ninalo, ila si zuri. Nilipenda zile kelele. Nilipenda bakuli likiinuliwa. Nilipenda kuwa mtu aliyetoa. Mtu ukimpunguzia kwenye karatasi anatia saini, anauliza gari ameegesha wapi, basi. Ukimpa pesa zake mwenyewe kwenye bahasha, anakuombea wewe na wazee wako waliotangulia.

Tulivunja mkataba wa kwanza nyumbani kwao, mie, Said na Raya, watoto wakirusha mpira juu ya vichwa vyetu. Niliwaeleza kila kitu, hata karatasi niliyoitia saini. Said alisoma mstari wa nne wa mkataba mpya, ule wa asilimia moja na nusu, mara mbili, akasema, "Kwa hiyo zimo humu tayari." Nikasema zimo. Raya, ambaye ananiita khaloo utadhani mie ndugu wa mama yake, aliniuliza kwa wasiwasi, "Khaloo, na wewe huumii?" Nikamwambia mfuko wangu haujui tofauti, ni mia tatu na arubaini zilezile. Siku ya kuhamisha jina walinilipa elfu moja na ishirini, nikawaandikia stakabadhi, hati ikatoka kwa jina la Said, tumemaliza.

Bi Zwena siku zote mbili alikuwa amelala. Na hakuna aliyemweleza, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake kamweleza.

Basi leo nimefika na kapu langu. Njia ile ya mlimani ya kwenda Al Amerat leo ilikuwa tupu, hewa safi, milima imekaa karibu utadhani unaweza kuigusa dirishani. Nyumba yote inanuka rangi mpya. Raya alichukua msahafu akaingia nao kwanza, mie nyuma yake na sukari na chumvi, Said na ubani, watoto na kelele. Bi Zwena alikuwa ameketi kwenye kiti pekee kilichofunguliwa plastiki, mkongojo magotini, kavaa kanga zake mpya, doti nzima.

Nikamwekea bakuli la halwa mbele yake. Akaomba Mungu, akatia bismillahi, akainua bakuli.

Akatazama chini yake.

Akaliweka. Akaliinua tena kwa upande wa pili.

"Asya."

"Labeka, Bi Zwena."

"Mwanangu, mie macho yangu mabovu au hapa hapana kitu?"

Raya alifungua mdomo aeleze. Said naye akaanza, "Mama, Bi Asya keshatu..." Niliwakata wote kwa jicho. Kwa sababu mkono wa Bi Zwena ulikuwa juu ya simu yake, naye pia yumo kwenye lile grupu la watu mia mbili. Angeambiwa kwamba Asya kawasamehe riali mia tatu na arubaini, lingesikika saa hiyo hiyo Maskati yote, Unguja na Dubai, na kwa vile hesabu za mikataba yeye hazijui, angeisema vilevile anavyoijua: karudisha. Neno hilo moja tu lingenitosha.

Nikasema, "Bahasha zimekatazwa siku hizi, Bi Zwena. Kuna sheria."

"Sheria!" Akacheka bila kufurahi. "Miaka yote hiyo sheria haikukuona, imekuja kukuona kwangu mie? Haya, nna bahati. Raya, mpe mgeni kahawa."

Mgeni. Nimekula kwake mwaka mzima, leo nimekuwa mgeni.

Niliinuka kwenda kunawa mikono, na kusema kweli nilikwenda kuificha sura. Nikaingia bafuni.

Vilikuwepo.

Vyuma viwili vinang'aa, kimoja kando ya choo, kimoja karibu na bomba la kuogea, vimekazwa kwa bolti nne nne. Choo kimenyanyuliwa. Vigae vya kukwaruza chini ya mguu. Said alizichukua zile pesa alizobakiwa nazo akamwita fundi wiki iliyopita, kimya, bila kelele wala bakuli kuinuliwa. Nilikishika kile chuma cha karibu na bomba. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote, nami si mwepesi. Hakikutikisika.

Nilisimama pale kidogo. Nilijisikia vizuri kuliko bahasha zote za miaka kumi na moja, na hakuna aliyeniona ila kioo.

Nilipotoka Bi Zwena alikuwa ameshaanza. Simu mdomoni, kaikamata kama kipande cha mkate anataka kukiuma, anarekodi. Hakujali kwamba nasikia. Pengine alitaka nisikie.

"Assalaamu alaykum jamaa. Tumehamia, alhamdulillah, nyumba kubwa, hewa tele. Dalali wetu Asya kaja, kaleta sukari na chumvi. Basi. Zile bahasha tulizokuwa tukizisikia, mie sikuiona. Wengine walipewa, sisi tumepewa chumvi. Mola atupe subira. Wassalaam."

Raya alitaka kuingia chini ya sakafu. Said kageuka kutazama dari, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mie nikachukua kikombe changu cha kahawa, nikanywa, nikakata kipande cha halwa nikamlisha Bi Zwena kwa mkono wangu. Akala. Halwa haikatai mtu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya gari.

Fikiria. Mwezi wa tisa dua ya dakika nne karibu initoe leseni. Leo lawama ya nusu dakika imeniandikia ushahidi, kwa sauti, mbele ya watu mia mbili, kwamba Asya hagawi kitu. Hata ningemlipa wakili asingepata shahidi mzuri kama Bi Zwena.

Alasiri Harub akapiga simu. Nilijua tu atapiga.

"Dada Asya! Nimesikia umekuwa bakhili."

"Nimekuwa mtiifu, Harub. Si ndivyo mlivyotaka?"

Akacheka, akaniambia usijali, watu watazoea. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, "Sasa wewe unatoza mbili kama sisi, sivyo?"

"Moja na nusu."

Nilisikia mashine yake ya kahawa inaunguruma.

"Moja na nusu unarudishaje?"

"Sirudishi. Naandika. Mstari wa nne wa mkataba, na kuanzia kesho nimebandika na mlangoni."

"Kwa wote?"

"Kwa wote, ndugu yangu. Idara wamesema bei yangu ni yangu."

Halafu akasema, "Yakhe, hivi si umelivuruga soko zaidi?" Na mimi nikamwambia namsikia vibaya, niko mlimani, ingawa nilikuwa nimekaa jikoni kwangu nakaanga kitunguu.

Zamani mteja wake akilinganisha karatasi zetu anaona mbili na mbili, bahasha yangu ilikuwa uvumi tu wa akina mama. Sasa ni moja na nusu kwa mbili, wino mweusi, yeyote asome. Kama kweli ni yeye aliyenipeleka idarani, basi kanifanyia kazi nzuri sana, na Idi nitampelekea halwa. Bila bahasha.

Magharibi Raya kaniandikia. Kasema Bi Zwena ameoga peke yake, mara ya kwanza tangu aanguke. Ametoka bafuni anawauliza vyuma vile vimetoka wapi na pesa ya nani. Raya anauliza amwambie nini.

Nilifikiri sana kabla ya kujibu. Ningependa ajue. Siwezi kusema singependa. Mtu akiniita mgeni inaniuma, na sina umri wa kujifanya hainiumi. Nilimwandikia: mwambie ni pesa za mwanawe Said. Na nilipoisoma tena nikaona si uongo. Zilikuwa zake tangu mwanzo, na safari hii hazikupita kwangu.

Kwenye droo ya ofisini zimebaki bahasha thelathini na saba. Niliwahi kununua boksi zima kwa bei ya jumla. Nitawatilia watoto wa ndugu zangu za Idi, zitakwisha.

Sheria ile bado naona imeshonwa kwa mwili wa mtu mwengine, mie inanibana kwapani. Nitailalamikia mpaka nizeeke. Lakini salamu za yule muuguzi wa Al Khuwair nimezifungua leo, za Idi iliyopita, nimezijibu kama mtu, na nimemuuliza habari za ukuta wake. Bado hajajibu. Ninamjua fundi mzuri wa unyevu, na najua ni nani atakayemlipa.

Kesho Jumapili saa tatu asubuhi nina mteja mpya, nyumba ya pili kutoka baharini, hapa hapa Hail. Najua ataulizia bahasha, wote wanaulizia. Nitamfungulia mstari wa nne asome mwenyewe. Halafu nitampeleka mpaka nyuma ya mlango wa stoo, ambako chumvi ya bahari imeanza kula plasta, nitamshika mkono, nitauweka pale, na nitanyamaza mpaka auondoe mwenyewe.